Onyo la Arobaini na Moja

Hivi wewe, ukiingia chumba ambamo mtu amepigwa mpaka fuvu limebonyea kama sufuria ya bati, ukakuta damu ukutani, damu kwenye viti, damu kwenye vibonye vya kompyuta, utaanza kuangalia wapi?

Wengi huangalia damu. Mpelelezi waliyemwita Kobe, kwa mwendo wake na kwa ile shingo ndefu iliyochomoza kwenye kola ya koti, alitafuta kilichokuwa safi. Alisimama mlangoni dakika tano nzima, mikono mfukoni. Nyuma yake Koplo aliegemea mguu huu, akaegemea ule. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasorobo asubuhi.

"Afande, tunangoja nini?"

"Ngoja kwanza. Chumba nacho kina haya, kikizoea kukuona kitaongea."

Marehemu alikuwa amelala kifudifudi kati ya meza mbili. Mwanamume wa miaka hamsini na kitu, shati la mistari, sweta lisilo na mikono, na kifungo cha tatu cha sweta hilo kilishonewa uzi wa rangi nyingine. Alikuwa amepigwa mara nne. Pigo la kwanza lilimpata kisogoni akiwa bado ameketi, maana matone yalikuwa yameruka mpaka darini. Matatu yaliyobaki aliyapokea akiwa chini. Sikio la kushoto lilikuwa limechanika likining'inia kwa ngozi tu. Meno yake mawili yalikuwa yameviringika mpaka chini ya kabati, na Koplo aliyafunika kwa kikombe cha karatasi ili mtu asiyakanyage. Kila jeraha lilikuwa na ukingo wa mviringo, kama alama inayoachwa na kitako cha chupa kubwa.

Mgongoni mwa sweta, na sakafuni pembeni yake, kulikuwa na unga mweupe.

"Hiyo ni chaki ya fundi cherehani," sauti ikasema kutoka ukumbini. Ni Meneja wa ofisi, amejiziba pua kwa leso. "Muuaji mmeshamkamata, mko naye kituoni. Mkuu wako amenihakikishia saa kumi leo faili linafika kwa hakimu. Sasa wewe unachunguza nini tena?"

"Nieleze kana kwamba sijui kitu."

Meneja alieleza kwa haraka, kama mtu anayesoma tangazo. Ofisi yao inaandika programu za kuendesha mitambo ya viwandani. Wiki tatu zilizopita, kwenye kiwanda cha masufuria kilichoko barabara ya pili, mtambo wa kukandamiza bati ulimshukia mfanyakazi akiwa ameinama. Ulimkata mikono yote miwili juu ya viwiko na kumponda kifua, na alikufa kabla hawajauinua. Dada yake, fundi cherehani, juma lililopita alikuja getini akapiga kelele mpaka akaondolewa. Leo saa mbili asubuhi walinzi wamemkuta humu, amepiga magoti, amekipakata kichwa cha marehemu, damu mpaka kwenye viwiko. Mkobani mwake mna mkasi wenye urefu wa kiganja na nusu.

"Mkasi una ncha," Kobe alisema. "Majeraha haya hayana ncha."

"Basi alimpigia mpini."

"Mpini wa mkasi wenye upana wa sahani? Huyo fundi anashona nguo za tembo?"

Koplo alikohoa ili asicheke mbele ya maiti.

Kobe alitoka akaenda ukumbini. Akapitisha kidole kwenye ubao wa dirisha, vumbi. Kwenye fremu ya picha, vumbi. Juu ya swichi ya taa, vumbi. Halafu akafika kwenye mtungi mwekundu wa kuzimia moto uliotundikwa ukutani, na mtungi ule uling'aa kama umetoka dukani jana. Kipini cha usalama hakikuwepo. Kile kikaratasi cha ukaguzi kilikuwa kimechanika, imebaki kamba. Koplo aliushusha kwa kitambaa, akaugeuza. Kwenye mkunjo wa chuma wa kitako mlikuwa mmenasa nywele mbili za mvi.

"Alipompiga nao, mtungi ulitema kidogo," Kobe alisema. "Unga wa kuzimia moto ni mweupe."

"Au alitumia huo mtungi na chaki ni yake pia," alisema Meneja. "Mwanamke yule yule."

"Inawezekana," Kobe alijibu, na Meneja akafurahi kidogo.

Kwenye meza ya marehemu kulikuwa na daftari la mraba mraba. Kila mstari una tarehe na tarakimu. Arobaini na moja. Arobaini na moja. Arobaini na moja. Kila ukurasa umebanwa kwa pini na karatasi zilizochapwa, maneno madogo kama mchanga. Mstari wa mwisho kabisa ulikuwa na kalamu nyingine, maneno mawili na tarakimu: *saa 2, dada.*

"Hii ni nini?"

Meneja alipunga leso. "Upuuzi wake. Ndiyo maana vijana walimwita Mzee wa Maonyo. Mashine ilikuwa inampa maonyo yasiyo na maana, yeye anayahesabu kila asubuhi kama anahesabu kuku."

Kobe alilitia daftari kwenye mfuko wa ushahidi. Kisha, kwa mwendo wake ule ule, akashuka ngazi.

* * *

Chumba cha mahojiano kituoni kilikuwa na benchi, meza yenye mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha mbao, na dirisha la nondo tatu. Fundi cherehani alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe, mdomo umepasuka, na mkono wa kulia ameushikilia kwa wa kushoto. Damu ya Mzee wa Maonyo ilikuwa imekauka gauni zima, ikifanya kitambaa kigumu kama kilichotiwa wanga.

Kobe alimpa maji. Akanywa kwa upande mmoja wa mdomo.

"Pole, mama. Ulitaka nini pale ofisini?"

"Hilo sijibu."

"Saa kumi wanakupeleka kwa kesi ya kuua. Huko ndani unaweza ukakaa miaka kesi haijasikilizwa."

"Najua. Nilishaulizwa swali hilo. Mlinzi aliniuliza leo asubuhi, 'Unataka nini hapa?' Nikafungua mdomo. Neno la kwanza halijatoka, rungu likatua hapa." Akavuta mdomo, pengo likaonekana, bado linavuja. "La pili begani. La tatu wakati niko chini. Nilichotaka nimekimeza pamoja na jino. Niulize kingine."

Kobe akamimina vitu vya mkoba mezani: mkasi, tepu ya kupimia, mto mdogo wa sindano, na kipande cha chaki kilichochakaa mpaka kikawa kama mwezi mchanga. Kilikuwa cha bluu.

"Nyeupe iko wapi?"

"Nyeupe ya nini? Mwezi huu nashona sare za wauguzi. Chaki nyeupe kwenye kitambaa cheupe utaiona kwa miwani ya nani?"

Koplo aliandika. Kobe aliinama kuokota tepu iliyoanguka, na mwanamke akamkodolea shingo kwa lile jicho lake moja.

"Nani alikubadilishia kola?"

"Hakuna. Koti nimelinunua limeshonwa tayari."

"Koti, ndiyo. Kola, hapana. Nguo ya kiwandani haitoki na chaki, hawaachi hata mstari. Hapo chini ya kola yako kuna mstari wa chaki na tarakimu mbili, ni vipimo vya mtu. Mtu alilifumua koti akatia kola ya mkono wake, akasahau kufuta alama zake."

Kobe alijishika shingo. "Mke wangu alilipeleka mahali mwaka juzi. Alisema kola imeliwa na jasho."

"Basi huyo fundi ana haraka. Ukiniletea hiyo kola nitakutajia mpaka jina lake, maana kila mmoja ana mwandiko wake wa chaki."

Kobe alisimama. Mlangoni akageuka. "Ulipoingia, damu ilikuwaje?"

"Pembeni imeshaganda. Katikati bado. Nilimgeuza kichwa nikidhani anapumua." Akaangalia mikono yake. "Alikuwa hapumui."

* * *

Saa saba mchana walirudi ofisini. Kobe alimtaka mtu mmoja tu, mwenye subira. Wakampa binti waliyemwita Miwani, mwandishi wa programu, macho mekundu kwa kulia. Marehemu ndiye aliyemfundisha kazi.

Sasa hapa nitakwenda polepole, maana hapa ndipo mtu hupotea.

"Programu yetu hatuandiki yote wenyewe," Miwani alisema. "Vipande vingine tunachukua kwa makampuni mengine. Tunaviita maktaba. Vinakuja vimefungwa, ndani huoni. Mwisho wa kazi kuna kitu kinaitwa kiunganishi, kazi yake ni kuvishona vipande vyote viwe kimoja. Kipande tulichoandika sisi kina alama za utatuzi ndani yake, yaani kikileta kosa unaambiwa kosa liko faili gani, mstari wa ngapi. Hivi vya nje vinakuja bila alama. Basi kiunganishi kinanung'unika. Kinasema, hiki nimekiunganisha, lakini alama zake sizioni, kikiharibika usije ukaniuliza."

"Kila kipande onyo moja?"

"Moja. Na vipande vya nje tunavyo arobaini na kimoja."

"Na mnayafanya nini hayo maonyo?"

Miwani aliinamisha kichwa. "Tunayazima. Unaandika mstari mmoja tu, kinanyamaza. Wote tumezima. Mzee peke yake alikataa. Alisema akiyazima atakuwa kama mwanamume aliyeoa halafu akajitia uziwi."

Kobe alifungua daftari. Akapitisha kidole, mstari kwa mstari, kurasa nne, bila kuruka hata mmoja. Koplo alishatoa pumzi mara tatu kidole kiliposimama.

"Hapa arobaini. Na hapa. Siku sita arobaini, halafu inarudi arobaini na moja. Na amezizungushia wino mwekundu."

Miwani aliinuka kitini. "Hiyo rangi ni ya jana. Kalamu hiyo aliiazima kwangu jana jioni."

"Mtambo wa masufuria ulimuua yule kijana tarehe gani?"

Binti aliangalia kalenda ukutani, kisha daftari. Ilikuwa siku ya tatu katika zile sita. Na programu ya mtambo ule ilikuwa imetumwa kiwandani siku ya kwanza.

"Onyo moja limekosekana," Kobe alisema. "Maana yake kipande kimoja hakikunung'unikiwa. Kwa nini?"

"Kwa sababu kilikuwa na alama." Miwani alitamka polepole, kama anayejisikiliza. "Lakini cha nje hakiwezi kuwa na alama. Labda... labda kiwe si kile cha nje. Mtu akitengeneza chake akakiita jina lile lile. Kompyuta zetu huweka alama zenyewe, lazima ukumbuke kuziondoa."

Kobe alijigusa chini ya kola. "Kumbe ni chaki ambayo fundi alisahau kuifuta," alisema.

Walichukua karatasi mbili zilizochapwa, ya siku yenye arobaini na moja na ya siku yenye arobaini. Wakaziweka sambamba, na Miwani akashuka na rula jina kwa jina. La kumi na tisa. La ishirini na tano. La thelathini na mbili, rula ikakwama. Jina lililokuwa upande mmoja halikuwa upande wa pili: *jicho.*

"Hicho ni kipande gani?"

Miwani alikuwa amebadilika rangi. "Ni jicho la usalama. Mbele ya mtambo kuna mwale wa taa. Mkono ukiukata mwale, jicho linasema simama, chuma hakishuki. Kiwanda kililalamika kwamba mtambo unasimama ovyo, hata nzi akipita. Kazi ya kurekebisha alipewa Chapchap, mwandishi mwenzetu wa hapa. Alisema amezungumza na wenye maktaba, wamempa mpya."

"Hicho kipande cha siku zile sita kipo bado?"

"Chapchap alirudisha cha zamani baada ya ajali. Lakini ghala letu linatunza kila kilichotumwa. Hakifutiki."

Akakifungua. Alama za utatuzi zilijaa kioo kizima, na juu kabisa, pale zinapoandika zimetengenezwa kwenye kompyuta ya nani na folda gani, palisomeka: *chapchap / kazi / jicho_la_muda.* Alikuwa ameipa mashine yake jina lake la utani. Ndani yake kulikuwa na kazi moja, mistari mitatu tu. Hata iulizwe nini, ilijibu njia ni salama.

Miwani alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Chapchap hakuona namba imepungua?" Koplo aliuliza.

"Angeionea wapi?" binti alijibu. "Maonyo alishayazima."

* * *

Chapchap alikuwa kwenye jiko dogo la ofisi, kile chumba cha chai, anasuuza kikombe. Kijana wa miaka thelathini, mtanashati, kiganja cha kulia kimefungwa bendeji. Birika la umeme lilikuwa linaanza kuvuma.

"Umeumia?" Kobe aliuliza.

"Mlango wa gari, mzee wangu."

"Mlango una bahati mbaya, uko sawasawa na mpini wa mtungi wa moto. Unakata pale pale, katikati ya kiganja. Hebu niinulie mguu."

"Nini?"

"Viatu vyako. Umefuta ngozi vizuri sana. Lakini matundu ya kamba hukuyafuta. Ule weupe ni wa nini?"

Chapchap alicheka. "Vumbi, mzee. Mji huu umejaa vumbi."

"Na jicho la muda nalo ni vumbi?"

Chapchap alilishika birika akalirusha zima.

Maji ya moto yalimpata Koplo shingoni na kifuani, naye akapiga ukelele akaanguka juu ya viti. Kobe, akiwa bado mlangoni, aliunyoosha mkono kumzuia Chapchap, na Chapchap akaubamizia mlango, vidole vitatu ndani, akausukuma kwa bega. Mifupa ilialika kama kuni kavu. Akaufungua, akaubamiza tena. Kobe hakupiga kelele. Aliingiza mkono wa pili kwenye upenyo, akaikamata ile bendeji, akaivuta kwa uzito wake wote mpaka kidonda kikafumuka. Chapchap alikuja nayo, uso ukagonga ukingo wa mlango, pua ikapasuka. Alishika kisu cha kukatia mkate. Kikapita kwenye sikio la Kobe kikaichana kola. Hapo Koplo, ngozi ya shingo inamwambuka, aliinuka na kiti akampiga nacho magotini. Kikatumika tena mgongoni, mara mbili, kabla Kobe hajasema, "Inatosha, Koplo. Inatosha. Nataka mdomo wake ubaki mzima."

Walimfunga pingu akiwa chini, shavu kwenye maji yanayofuka mvuke.

"Mzee alinipa mpaka asubuhi," Chapchap alisema kwa pua iliyojaa damu. "Jana jioni aliniwekea karatasi mbili mezani, akaniambia, mwanangu, nenda mwenyewe kwa Meneja kabla ya saa mbili, usinisubiri niende mimi. Nilikuja mapema nikapandia ngazi za nyuma. Nilimbembeleza. Nilipiga magoti, wallahi nilipiga magoti. Akageukia kompyuta yake akaanza kuhesabu. Ananihesabia maonyo mimi niko magotini!"

"Kwa nini saa mbili?"

"Alishampigia simu dada wa yule kijana. Alisema ana haki ya kusikia wa kwanza."

* * *

Kituoni ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi. Mkuu alikuwa ameshashika kalamu. Kobe aliingia vidole vitatu vimefungwa kwa tai yake mwenyewe, kola inaning'inia, akaweka mezani daftari, karatasi mbili na kipini cha usalama kilichotolewa kwenye mfuko wa suruali ya Chapchap. Alieleza kwa dakika sita. Mkuu aliifunika kalamu.

Fundi cherehani alikuwa bado kwenye benchi lile lile. Kobe alimfungulia pingu kwa mkono wa kushoto, kazi iliyochukua muda. Akamweleza yote, tangu mwale wa taa mpaka mistari mitatu. Akamsomea mstari wa mwisho wa Mzee wa Maonyo: *saa 2, dada.*

"Mdogo wako aliinama kwa sababu taa ya usalama ilikuwa inawaka," alimwambia. "Alifanya kama alivyofundishwa. Jicho ndilo lililodanganya."

Mwanamke hakulia. Alivuta kutoka ndani ya gauni lake karatasi iliyokunjwa mara nne, imelowa pembeni. Ilikuwa ripoti ya kiwanda. Mahali palipoandikwa chanzo cha kifo, kulikuwa na maneno mawili: *uzembe binafsi.*

Aliiweka mbele ya Kobe, akainyoosha kwa kiganja kama anavyonyoosha kitambaa kabla ya kukata. Kisha akachukua mezani chaki yake ya bluu akampa mkononi.

"Nilitaka mtu alifute hilo neno," alisema, na upepo ukapiga mluzi kwenye pengo. "Nilimlea kwa mgongo wangu. Hakuwa mzembe."